Daftari la Upepo

Watu wengi hudhani kwamba mtaalamu wa ndege ni mtu wa kuongeza: huongeza injini, huongeza nguvu, huongeza mwendo. Katika kurasa hizi nataka kumzungumzia mtaalamu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake katika kazi iliyo kinyume cha hiyo, yaani kazi ya kupunguza. Hakuunda ndege hata moja inayobeba jina lake. Wanafunzi wetu hawamsomi, na hata kwao Uingereza sidhani kama mtu wa kawaida barabarani analitambua jina lake. Lakini kila aliyewahi kupanda ndege amefaidi kazi yake, na mimi niliyefanya kazi ya ualimu maisha yangu yote nimemfaidi kwa namna nyingine, ambayo nitaieleza.

Mtu huyo aliitwa Bennett Melvill Jones. Alizaliwa mwaka 1887, akasoma Cambridge, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akafanya kazi za utafiti wa mambo ya anga. Hakuwa mtu wa kukaa mezani tu; alipanda angani, na alipewa nishani ya jeshi la anga. Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa kiti cha uprofesa wa uhandisi wa ndege, naye akawa mtu wa kwanza kukikalia. Alikikalia hadi mwaka 1952. Miaka 33 katika kiti kimoja! Wengine watasema huo ni uvivu wa kuhama. Mimi nasema huo ni ualimu.

Kiti chenyewe kina historia ya huzuni. Kilifunguliwa kwa fedha za baba mmoja aliyefiwa na mwanawe, rubani kijana aliyeitwa Francis Mond, ambaye ndege yake iliangushwa vitani mwaka 1918. Baba yule angeweza kujenga mnara wa mawe. Badala yake alitoa fedha ili pawe na mtu chuoni atakayekaa na kufikiri juu ya ndege, kizazi baada ya kizazi, na kiti kikapewa jina la mtoto wake. Nimehudhuria mazishi mengi, nami naona kwamba katika kumbukumbu zote ambazo mzazi aliyefiwa aweza kuweka, hiyo ni miongoni mwa zilizo bora.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Msomaji ambaye amewahi kutoa mkono nje ya dirisha la basi anajua kwamba hewa, ingawa haionekani, ina mwili. Inasukuma. Basi likienda polepole hewa inaupapasa mkono, likikimbia, inaukamata. Wataalamu huita nguvu hiyo ukinzani wa hewa, na ina tabia mbaya kuliko ya mkopeshaji wa riba: mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Kwa hiyo mtu anayetaka kwenda haraka kwa kuongeza injini tu ni sawa na mtu anayelipa deni kwa kukopa zaidi. Injini kubwa ni nzito, inakula mafuta mengi, mafuta nayo ni mazito, na mwishowe ndege inabeba tumbo lake yenyewe badala ya kubeba abiria.

Ndege za miaka ya 1920 zilikuwa hivyo. Nyingi zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na katikati mihimili na nyaya tele zilizoyafunga pamoja mithili ya kitanda cha kamba. Magurudumu yalining'inia chini. Injini ilikaa wazi puani, masilinda yakipigwa upepo, na rubani naye kichwa nje. Ziliruka, naam, na kwa sababu ziliruka watu waliridhika. Hiyo ndiyo hatari ya kitu kinachofanya kazi kwa kiasi: hakuna anayeuliza kingefanya kazi namna gani kama kingekuwa sawasawa.

Mwaka 1929 Jones alisimama mbele ya Chama cha Kifalme cha Mambo ya Anga jijini London akasoma hotuba yake juu ya ndege yenye umbo la kuteleza hewani. Hakuleta mashine. Alileta hesabu. Aliuliza: tuseme tungekuwa na ndege iliyo laini kabisa, ambayo hewa inaipita bila kuvurugika hata kidogo, ingehitaji nguvu kiasi gani kwenda mwendo huu na ule? Kisha akachukua ndege halisi za wakati ule, akaziweka moja moja kando ya kipimo hicho. Jibu lilikuwa aibu. Nyingi zilitumia nguvu zaidi ya mara mbili ya ile iliyohitajika. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyochomwa haikuwa ya kuruka. Ilikuwa ya kuvuruga hewa tu.

Uzuri wa hesabu ile ni kwamba haikudai mambo yasiyowezekana. Jones aligawa deni la ndege kwa hewa katika mafungu. Fungu la kwanza ni bei ya kubeba. Ndege hainyanyuki bure. Bawa hunyanyua kwa kuisukuma hewa chini, na kwenye ncha za mabawa hewa hujiviringisha ikaacha visulisuli nyuma. Huo ni ukinzani, lakini ni ukinzani unaotokana na unyanyuzi wenyewe; jambo hili lilikuwa limekwisha kufafanuliwa na Lanchester wa Uingereza na Prandtl wa Ujerumani kabla yake. Fungu la pili ni bei ya kugusa. Ngozi ya ndege inasuguana na hewa iliyo karibu nayo, na maadamu ndege ina ngozi, haina budi kulipa. Fungu la tatu ni bei ya uzembe: hewa inayobanduka kwenye mihimili, kwenye nyaya, kwenye magurudumu na kwenye pembe za hovyo, ikajisokota nyuma na kuivuta ndege kama watoto wanaong'ang'ania kanzu ya baba. Mafungu mawili ya kwanza utayapunguza, lakini hutayafuta. La tatu, kwa kanuni, linaweza kuondolewa karibu lote.

Watu wa pwani walikwisha kuona mfano wake kabla ya kuwapo vyuo vikuu. Mtazame jodari. Wengi wangedhani kwamba kitu cha kupita kasi katika maji lazima kichongoke mbele kama mkuki. Jodari hakuumbwa hivyo. Mbele ni mnene, nyuma ndiko anakokwenda akipungua taratibu hadi mkiani. Siri haipo katika kuyapasua maji tu, bali katika kuyafunga tena nyuma yako bila fujo. Hata hewa iko hivyo hivyo. Waya mviringo, hata mwembamba kiasi cha kukudanganya kwamba si kitu, huivuta ndege kuliko mhimili mnene mara nyingi zaidi yake uliochongwa kwa umbo la samaki.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya mwaka 1929 watengenezaji wa ndege walijua kwamba nyaya na magurudumu vinavuta. Hakuna aliyekuwa mjinga kiasi cha kutokujua hilo. Walichokosa ni daftari. Jones aliwaonyesha, kwa tarakimu, kiasi cha mali kilichokuwa kikivuja. Sisemi kwamba yeye peke yake ndiye aliyebadili mambo. Marekani mwaka 1928 watafiti wa serikali kule Langley walikuwa wameifunika injini ya ndege moja ndogo kwa kifuniko kilichobuniwa vizuri, na mwendo wake ukapanda kutoka maili 118 kwa saa hadi 137, injini ikiwa ile ile. Wajerumani nao walikuwa mbele sana katika nadharia. Lakini yeye ndiye aliyeeleza jumla ya deni kwa namna ambayo mkuu yeyote wa kiwanda angeweza kuisoma na kukosa usingizi.

Matokeo yake yalifika hadi kwetu. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kuleta ndege hadi Mwanza. Kutoka Khartoum safari ilifanywa na ndege zilizotua majini, zilizoitwa Calcutta: mabawa mawili, injini 3 zilizoning'inizwa katikati yake, mihimili kila mahali, na mwendo wa safari kama maili 100 kwa saa. Mwaka 1937 shirika lile lile lilipitisha katika pwani yetu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, ndege nyingine za majini za aina mpya, zenye bawa moja tu, tumbo laini, na injini 4 zilizozamishwa ndani ya bawa. Hizi zilikwenda kama maili 160 kwa saa. Marehemu baba yangu, aliyekuwa kijana Lindi miaka ile, alikuwa akisimulia jinsi wavuvi walivyoacha nyavu kuitazama ikitua. Alisema ilikuwa kama nyangumi aliyejifunza adabu. Hakujua kwamba alikuwa akitoa maelezo ya kisayansi.

Nakuomba msomaji tufanye hesabu kidogo, maana mwalimu hastaafu katika hesabu. Mwendo ulipanda mara 1.6. Kama umbo lingebaki lile lile, nguvu iliyohitajika ingepanda zaidi ya mara 4. Tena ndege ile mpya ilikuwa na uzito karibu mara mbili ya ile ya zamani. Hata hivyo nguvu ya injini zake zote pamoja ilizidi kidogo tu mara mbili. Salio hilo halikutoka kwenye injini. Lilitoka kwenye vitu vilivyoondolewa.

Jones mwenyewe hakuridhika na hotuba. Katika miaka ya 1930 yeye na wasaidizi wake walipeleka utafiti angani, katika ndege za kweli, maana handaki la upepo ndani ya maabara lina misukosuko yake ambayo anga tulivu haina. Nyuma ya bawa walifunga vijibomba vya kupimia kani ya hewa, wakayasoma mabaki ya upepo baada ya bawa kupita, kama daktari anavyosoma ugonjwa katika choo cha mgonjwa. Kutokana na upungufu wa mwendo katika hewa ile waliweza kujua bawa lilikuwa limelipa kiasi gani. Wakagundua jambo la kutia moyo: kwenye bawa laini, katika hewa tulivu ya juu, utando mwembamba wa hewa unaogusa ngozi ya ndege huenda shwari kwa masafa marefu kuliko ilivyodhaniwa kabla ya kuanza kuvurugika. Kwa hiyo hata fungu la pili, bei ya kugusa, lilikuwa na nafasi ya kupunguzwa.

Ulaini huo si jambo la mapambo. Wakati wa majaribio ya ndege ya vita iliyoitwa Spitfire, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1936, wahandisi walitaka kujua kama kulikuwa na haja ya kutumia ribiti zilizosawazishwa na bati, ambazo ni kazi na gharama, au ribiti za kawaida zenye vichwa vya mviringo. Walichukua njegere kavu zilizopasuliwa, wakagundisha nusu njegere juu ya kila ribiti, ndege ikarushwa. Ilipoteza maili 22 hivi kwa saa. Kisha wakazibandua safu baada ya safu, wakijifunza ni wapi kichwa cha ribiti kinadhuru na wapi hakidhuru. Chakula cha jikoni kiliamua muundo wa ndege.

Nilikutana na jina la Jones mara ya kwanza katika maktaba ya chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kitabu chakavu juu ya urukaji. Nilichoondoka nacho ni yale mafungu matatu. Sikujua kwamba yangenikalia kichwani hadi siku niliyoyahitaji.

Nilipopewa shule ya kuongoza, ilikuwa shule ya bweni ya serikali ambayo matokeo yake yalikuwa duni mwaka baada ya mwaka. Wakaguzi walikuwa na jibu moja: walimu waongeze bidii. Wazazi walikuwa na jibu lao: wanafunzi waongeze bidii. Yaani kila mtu alitaka injini kubwa zaidi. Mimi nilinunua daftari. Kwa muda wa mwezi mmoja viranja wa madarasa waliniandikia, kipindi kwa kipindi, ni kipi kilifundishwa na ni kipi hakikufundishwa, na kwa sababu gani. Ratiba ilikuwa na vipindi 40 kwa juma. Darasa lililobahatika halikupata 30. Vingine vilikuwa vimevuja: kupiga mstari ukingojewa ufunguo wa stoo, kumpokea mgeni ambaye hakutokea, na kubwa kuliko yote, wasichana waliokwenda kuchota maji bondeni kila asubuhi kwa ajili ya nyumba za walimu, wakarudi darasani kipindi cha pili kimekwisha kuanza, miguu imelowa na macho yamechoka.

Nilisimamisha yale maji. Hapo ndipo nilipojua ukinzani ni kitu gani.

Mwalimu mmoja mwandamizi, mtu mwadilifu aliyenizidi umri, alisimama katika mkutano wa walimu akasema, "Mwalimu Mkuu, sisi sote tulichotea walimu wetu maji. Maji ndiyo yaliyotulea. Ukiwaondolea watoto shida zote utawalea kuwa mabwana." Wengi walimwunga mkono, na si wote kwa sababu ya ubinafsi. Tulikuwa watu wa Elimu ya Kujitegemea; tangu mwaka 1967 tulifundishwa, na mimi niliamini, kwamba shule isiyofanya kazi ya mikono inazalisha watu wanaodharau jembe. Kama maneno yake yalikuwa ya kweli, basi mimi nilikuwa nakivunja kitu kilichotujenga.

Nilimjibu hivi: "Mzee, shamba la shule linabaki. Mahindi yale yanawalisha wao wenyewe, nao wanajifunza kulima kwa vipimo. Hiyo ni bei ya kunyanyuka, na kila mtoto ataendelea kuilipa. Usafi wa mabweni unabaki. Hiyo ni bei ya kuishi pamoja. Lakini maji ya nyumbani kwangu na kwako hayamnyanyui msichana yule wala hayamfundishi lolote baada ya ndoo ya kwanza. Yanamvuta tu nyuma." Hakukubali siku ile. Mke wangu mwenyewe, ambaye sasa alilazimika kumlipa kijana wa kijijini atuletee maji, hakukubali kwa muda mrefu zaidi. Walimu wawili waliomba uhamisho, na ofisi moja ya juu iliniandikia barua kunitaka nieleze kwa nini nawavuruga wafanyakazi.

Sitadai kwamba shule ile ilipaa mara moja kama ndege. Matokeo yalipanda polepole, mwaka huu kidogo na mwaka ule kidogo, na yapo mambo mengine yaliyochangia. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba kipindi cha kwanza kilianza kuwa na wasichana ndani, wameketi, wamekauka. Yule mwalimu mwandamizi alibaki, na kabla hajastaafu yeye ndiye aliyekuwa akilitunza lile daftari. Hatukulizungumza tena suala la maji. Wazee huombana radhi kwa kazi.

Nimelifikiri jambo hili sana tangu nilipostaafu. Maisha ya mtu, taasisi, hata taifa, yana mafungu yale matatu, na makosa yetu mengi hutokana na kuyachanganya. Wapo wanaotaka kuondoa ukinzani wote, na hao husahau kwamba hewa ile ile inayoivuta ndege nyuma ndiyo inayoibeba. Ndege iliyoondolewa hewa haiendi kasi, inaanguka. Wapo wanaotukuza kila ugumu kwa sababu wao waliupitia, wakadhani kwamba kila kilichowachosha ndicho kilichowakuza. Kazi ngumu ni ile ya katikati: kukaa na daftari na kuuliza, shida hii inanyanyua nini?

Kazi aliyoianza Jones haijaisha hata leo. Ncha za mabawa zilizokunjwa kwenda juu, ambazo msafiri huziona dirishani, zilikuzwa katika miaka ya 1970 na Richard Whitcomb wa Marekani ili kupunguza fungu la kwanza, lile la visulisuli. Tangu mwaka 2022 baadhi ya ndege kubwa za abiria zimebandikwa utando wenye mifereji midogo mno iliyoigwa kutoka ngozi ya papa, ili kupunguza fungu la pili, na hivyo kuokoa mafuta kwa kiasi cha asilimia 1 hivi. Asilimia 1! Kijana husikia hivyo akacheka. Lakini ndege hiyo hubeba mafuta kwa makumi ya tani katika safari moja, na huruka karibu kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, na haba hiyo hiyo, usipoiangalia, humwaga pishi.

Jones alipewa heshima za kutosha kwao. Mwaka 1942 alitunukiwa cheo cha Sir, na miongoni mwa waliosoma Cambridge akiwa profesa pale alikuwamo Frank Whittle, yule aliyeiwasha injini yake ya jeti kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1937. Nadhani hiyo ni ridhiki ya pekee ya mwalimu: yeye alitumia maisha yake kupunguza deni, na kijana aliyepita katika idara yake akaja na mtaji mpya. Alifariki mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 88.

Wajukuu wangu huniuliza nilifanya nini katika miaka yangu ya kazi, maana sikujenga ghorofa wala sikuandika sheria. Nawaambia kwamba niliondoa baadhi ya vitu vilivyokuwa vikiwavuta watoto wa watu nyuma. Wao huona ni jibu dogo. Kitu kilichoondolewa hakina picha ya kutundika ukutani, wala anayefaidi hajui kwamba kilikuwapo. Msichana aliyeingia darasani na miguu mikavu hakujua kwamba palikuwa na ndoo. Nami sikuona haja ya kumwambia.